Mchoraji Alichokiona, na Alichokiacha

KATIKA sebule nyingi za Jericho, Makadara na Buruburu, hutakosa picha ya mashambani ukutani. Morani ameegemea mkuki, jua linatua, ng'ombe wanarudi zizini. Humo hamna ukame, wala mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Je, picha kama hiyo inamfunza nini mtoto aliyezaliwa na kulelewa mjini?

Kuchora maisha ya wengine yakiwa matamu kuliko yalivyo ni mtindo wa kote duniani. Huko Uchina yuko Ai Xuan, aliyezaliwa 1947, ambaye amepata sifa kwa kuwachora watu wa Tibet wakiwa wapweke katika theluji. Hapa kwetu aliyevuma zaidi ni Joy Adamson, yule yule wa simba Elsa.

Bi Adamson alizaliwa 1910 katika himaya ya Austria, akafika Kenya 1937. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila mbalimbali wakiwa na mavazi na mapambo ya jadi, ambayo yalikuwa yakitoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha. Nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Tusimnyime haki yake. Shanga, ngozi na vipuli alivichora kwa makini, na vingi kati ya hivyo havivaliwi tena. Mjukuu anayetaka kujua wazee wake walijipamba vipi atapata jibu huko.

Hata hivyo, kuna pengo. Wakati huo, watu wa makabila hayo hayo walikuwa wamejaa Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Walivaa suruali, walifanya kazi katika reli, na jioni walikutana katika ukumbi wa Kaloleni kuzungumzia uhuru. Kisha Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi walizingira mitaa hiyo na kukamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Serikali iliyolipia picha za shanga ndiyo iliyotuma askari hao. Morani mwenye mkuki aliingia katika picha. Baba aliyekamatwa alfajiri hakuingia.

Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Lakini mtoto akidhani kwamba mila ni shanga pekee, atajiona yeye wa Eastlands hana kwao.

Mzazi, Jumapili moja pandeni matatu mwende makumbusho. Mkisimama mbele ya picha hizo, waulize watoto: huyu alipovua mapambo haya, alikwenda kufanya kazi gani? Mkirudi nyumbani, mwulizeni nyanya. Pengine yeye ameyaishi yote mawili, ya kijijini na ya mtaani, na hakuna aliyewahi kumwomba asimulie.