Saratani ya Tumbo la Chakula Inapofika kwenye Ovari
Uvimbe kwenye ovari si lazima uwe umeanzia hapo. Mwaka 1896 daktari Mjerumani, Friedrich Krukenberg, alieleza uvimbe mmoja akidhani ni saratani ya ovari yenyewe. Baadaye ilithibitika kwamba seli zake kwa kawaida husambaa kutoka kwenye tumbo la chakula. Nyingine hutoka kwenye utumbo mpana.

Chanzo ndicho kinachoamua tiba. Kwa hiyo, mwanamke mwenye uvimbe wa ovari, hasa zote mbili, anayepungua uzito, kutapika au kupata choo chenye damu, achunguzwe tumbo na utumbo kwa kamera kabla ya upasuaji.

Dawa za saratani ndizo msingi wa tiba. Hata hivyo, saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ovari mara nyingi haisikii dawa kama ile iliyofika kwenye ini. Kuondoa ovari hupunguza maumivu na, kwa baadhi ya wagonjwa, huenda kukarefusha maisha.

Kupona kabisa ni nadra. Kwa kawaida, wenye chanzo cha utumbo mpana huishi muda mrefu kuliko wenye chanzo cha tumbo la chakula. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: saratani yangu imeanzia wapi, na upasuaji utanisaidia nini?