Tiba ya jeni tumboni: salama dhidi ya nini?

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa bila maumivu. Tumboni hulindwa na hemoglobini ya kijusi, ambayo kasoro ya ugonjwa huu haiigusi, na ulinzi huo huendelea kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Anapokaribia nusu mwaka, hemoglobini nyingine inachukua nafasi, seli nyekundu zinaanza kujipinda kama mundu, vidole vinavimba, vilio na homa vinafuata. Kwa maoni yangu, ratiba hii ya damu ndiyo inayoamua kama mama mjamzito wa mtaa wa New Site, Juba, Sudan Kusini, ana sababu ya kutamani mwanawe apewe tiba ya jeni kabla ya kuzaliwa. Usalama wa tiba hupimwa dhidi ya madhara ya ugonjwa wenyewe na dhidi ya njia nyingine zilizopo, na kwa ugonjwa wa kurithi unaoitesa zaidi kanda yetu, mizani bado inaelemea upande wa kusubiri mtoto azaliwe.

Mpaka sasa hakuna tiba ya jeni ya kijusi iliyoidhinishwa. Kinachofanyiwa utafiti ni kupitisha sindano kwenye tumbo la mama, kwa kuongozwa na altrasaundi, hadi kwenye mshipa wa kitovu, na kuingiza virusi vilivyoondolewa makali au vitone vya mafuta vilivyobeba jeni nzima au zana za kuhariri jeni mbovu. Watafiti wana sababu nzuri za kuvutiwa: mwili mdogo unahitaji dozi ndogo, kinga changa haiikatai dawa kwa urahisi, na seli shina zinagawanyika kwa kasi, hivyo sahihisho moja linarithiwa na maelfu ya seli. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia hofu zaidi, maana kosa nalo hurithiwa vivyo hivyo. Katika majaribio yaliyoanzia Paris mwaka 1999 na kufuatiwa na ya London, wavulana 20 waliozaliwa bila kinga ya mwili walipewa tiba ya jeni. Wengi walipata kinga, lakini angalau watano waliugua saratani ya damu, kwa sababu virusi vibebaji vilijipachika karibu na jeni zinazochochea ukuaji wa seli. Mwaka 2005 ilichapishwa taarifa ya panya waliodungwa virusi vya namna nyingine wakiwa tumboni au wakiwa wachanga, nao wakapata uvimbe wa saratani kwenye ini. Vibebaji vya leo vimeboreshwa sana. Hata hivyo, Marekani ilipoidhinisha Lyfgenia mwaka 2023, tiba ya selimundu kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi, iliweka onyo kali kuhusu saratani ya damu. Tumboni kuna hatari ya ziada: mabadiliko yanaweza kuzifikia seli zitakazokuwa mayai au mbegu za kiume, yakawafikia wajukuu.

Kisha yupo mama. Hatibiwi ugonjwa wake mwenyewe, lakini sindano inapita mwilini mwake, na kutokwa damu, maambukizi au uchungu wa mapema vitampata yeye. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 Sudan Kusini ilipoteza akina mama 1,223 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, idadi ya juu kuliko karibu nchi zote. Hatari inayoitwa ndogo katika hospitali yenye benki ya damu iliyojaa si ndogo tena mahali ambapo damu hutafutwa kwa ndugu.

Yapo magonjwa ambayo hayasubiri. Aina kali ya ugonjwa unaoua neva za uti wa mgongo huharibu misuli mapema mno, na neva iliyokufa hairudi. Mwaka 2025 madaktari wa Hospitali ya St. Jude, Memphis, walieleza habari za mama aliyemeza risdiplam katika wiki sita za mwisho za ujauzito. Mtoto alifikisha miaka miwili na nusu bila dalili za ugonjwa huo. Hiyo ni dawa ya kunywa, si tiba ya jeni, na mtoto mmoja hathibitishi kanuni, lakini inaonyesha pale ambapo kuthubutu tumboni kuna maana. Selimundu haiko hivyo. Utafiti uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapa watoto 606 haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku: maumivu, malaria, uongezwaji damu na vifo vyote vilipungua.

Pingamizi zito zaidi ni hili: tiba za jeni zilizopo kwa waliozaliwa zinatanguliwa na dawa kali za kufuta uboho, zinazoweza kuondoa uwezo wa kuzaa, na mojawapo, Casgevy, ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2. Sindano moja tumboni ingekwepa yote hayo. Nakubali mvuto wake. Lakini kinachowezesha kukwepa dawa hizo kali ni kuhariri seli ndani ya mwili, na hilo linatafutwa pia kwa waliozaliwa: mwaka 2019 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani na Wakfu wa Gates walitangaza angalau dola milioni 200 kwa ajili ya tiba za namna hiyo za selimundu na VVU zitakazofaa Afrika. Zikifanikiwa, mtoto atatibiwa bila kumtia mama yake hatarini.

Wengine watasema kwamba tahadhari ya namna hii inawaacha Waafrika nyuma. Wafikirie ufuatiliaji. Kwa tiba zinazojipachika kwenye jeni, mamlaka ya dawa ya Marekani inapendekeza mgonjwa afuatiliwe miaka 15. Mtoto ambaye angetibiwa siku ya uhuru wa Sudan Kusini, 9 Julai 2011, angefuatiliwa hadi Julai 2026. Katikati yake kuna mapigano ya Juba ya Desemba 2013 na ya Julai 2016, familia zilizokimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, na nyingine zilizovuka hadi Bidi Bidi, Uganda. Nani angempima damu kila mwaka, na saratani ingegunduliwa na nani? Kinachostahili kudaiwa sasa ni tone la damu la kisigino la kupima selimundu kwa kila mtoto mchanga, penisilini na chanjo kabla ile miezi sita haijakwisha, haidroksiyurea isiyokatika, na rekodi inayomfuata mtoto hata akivuka mpaka.