Lahaja ya Sheffield katika Albamu ya Kwanza ya Arctic Monkeys

Tarehe 23 Januari 2006, kampuni ya kurekodi muziki ya Domino ilitoa albamu ya kwanza ya bendi ya Arctic Monkeys, vijana wanne wa bendi iliyoanzia High Green, kitongoji kilicho pembezoni mwa jiji la Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Katika wiki ya kwanza nakala 363,735 ziliuzwa nchini humo, kiasi ambacho hakuna bendi iliyokuwa imekifikia kwa albamu yake ya kwanza. Aghalabu ufanisi huo huelezwa kwamba uliletwa na intaneti. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa maelezo hayo, ijapokuwa yana ukweli, yanaliacha nje jambo linalostahili kumshughulisha mwanafunzi wa lugha: vijana hao waliimba kwa lafudhi na lahaja ya kwao.

Hapana budi kuanza na huo ukweli wa intaneti. Alex Turner, mtunzi na mwimbaji, na Jamie Cook walipewa magitaa yao kama zawadi za Krismasi mwaka 2001. Mwaka uliofuata bendi ikaundwa, Matt Helders akipiga ngoma na Andy Nicholson akishika gitaa la besi. Katika maonyesho yao ya awali waligawa bure santuri walizojinakilia wenyewe. Mashabiki wakazipeleka nyimbo hizo mtandaoni, na punde hadhira ikawa inaimba pamoja na bendi nyimbo ambazo hazijauzwa popote. Domino, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilikuwa mojawapo ya kampuni zisizomilikiwa na mashirika makubwa ya muziki. Ni kutokana na uhuru wa kampuni za aina hiyo ndipo roki hii ikapata jina lake la indi. Hata hivyo, zilikuwepo bendi nyingine nyingi zilizosambaza nyimbo bure miaka hiyo, na nyingi zimesahaulika. Swali linalobaki ni hili: wasikilizaji walipozipata nyimbo za vijana hawa, walisikia nini ndani yake?

Jibu linaanzia kwenye anwani. Albamu inaitwa Whatever People Say I Am, That's What I'm Not, maneno yanayotokana na usemi wa Arthur Seaton, mhusika mkuu wa riwaya ya Alan Sillitoe, Saturday Night and Sunday Morning, iliyochapishwa mwaka 1958 na kufanywa filamu mwaka 1960. Arthur ni kijana anayefanya kazi katika kiwanda cha baiskeli mjini Nottingham, naye hulewa na kustarehe wikendi bila kumkubalia yeyote, awe msimamizi au jirani, haki ya kumweleza yeye ni nani. Sillitoe mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha aina hiyo. Huu ni mwingilianomatini wenye uzito. Bendi iliyokuwa imeanza kupachikwa majina na magazeti kabla hata ya kutoa albamu ilijibu kwa kauli ya mfanyakazi wa kubuni kutoka mji wa jirani, aliyeumbwa karibu nusu karne mapema.

Uhusiano na riwaya hauishii hapo. Nyimbo 13 zilizomo, nyingi zikiwa fupi na za kasi, zinaugawa usiku mmoja wa wikendi vipande vipande: matarajio ya alasiri, ukumbi wa dansi, mabawabu wanaowazuia watu mlangoni, polisi na vijana, safari ya teksi. When the Sun Goes Down inahusu ukahaba katika eneo la Neepsend, Sheffield. Nafsineni katika nyimbo hizi ni mtazamaji mwenye kejeli, na uhalisia wake unategemea udogo wa mambo anayoyataja.

Ni katika lugha hasa ambapo albamu hii ilivunja mazoea. Tangu miaka ya 1960 waimbaji wengi wa roki wa Uingereza walikuwa wakiiga lafudhi ya Kimarekani. Turner hakufanya hivyo. Wimbo Fake Tales of San Francisco unaidhihaki bendi ya kwao inayojifanya imetoka ng'ambo, na mwingine, Mardy Bum, umebeba katika anwani yake neno la kimahali: huko kaskazini na katikati mwa Uingereza, "mardy" ni mtu anayenuna na kususa kama mtoto. Neno hilo halikufafanuliwa kwa ajili ya wageni, na wageni hawakulalamika. Msomaji wa Muyaka hatashangaa. Kimvita chake hakikungoja usanifishaji ili kipate wasomaji nje ya Mombasa.

Albamu ilipata Tuzo ya Mercury mwaka huo huo wa 2006. Baadaye bendi ilielekea kwingine, na Humbug ya mwaka 2009 ilirekodiwa kwa sehemu katika jangwa la California.

Wimbo wa mwisho, A Certain Romance, ndio unaostahili kusikilizwa mara nyingi zaidi. Unaanza kwa kuwabeza vijana wa mtaani, mavazi yao na ugomvi wao, hata msikilizaji akadhani huo ndio msimamo wa mtunzi. Kisha toni inageuka: nafsineni anakiri kwamba baadhi yao ni marafiki zake, na kwamba kwa hao hawezi kukasirika kwa namna ile ile. Hawasafishi, wala hajitengi nao. Maneno yanakwisha hapo, na magitaa yanaendelea peke yake kwa muda mrefu.