Deni la Kodi ya Miaka Iliyopita

Tuseme asubuhi moja unaletewa barua. Unaisoma polepole. Inasema unadaiwa kodi ya kazi uliyoifanya miaka kumi iliyopita. Fedha za kazi hiyo ulikwisha kuzitumia zamani. Je, ungefanya nini?

Jambo hili liliwapata watu wengi huko Uingereza. Serikali ya huko ilikadiria kuwa wanafika 50,000. Baadhi yao walikuwa mafundi wa kompyuta wenye kipato kizuri. Wengine walikuwa wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Hawakuwa na mwajiri mmoja wa kudumu. Walifanya kazi kwa mikataba mifupi, leo hapa, kesho kwingine, kama fundi mwashi anayejenga nyumba hii kisha akahamia ile.

Wakaja mawakala na mpango wao. Walisema: "Usilipwe na mwenye kazi moja kwa moja. Fedha zipitie kwetu. Sehemu ndogo tutakupa kama mshahara. Sehemu kubwa tutakupa kama mkopo."

Kwa nini mkopo? Mshahara ni mapato, na mapato hukatwa kodi. Mkopo si mapato, kwa kuwa fedha za mkopo ni za kurudishwa. Basi haukatwi kodi. Lakini mikopo ile hakuna aliyekuja kuidai. Mawakala walichukua ada yao, na fundi akaenda na fedha nyumbani.

Mkopo usiodaiwa ni mkopo wa ajabu, na bila shaka hata wewe ungeushangaa. Lakini mawakala walionyesha karatasi za wanasheria zilizosema kwamba mpango ni halali. Wafanyakazi wengine wanasema waliambiwa kuwa bila kuingia katika mpango hakuna kazi. Wakatia sahihi.

Mwaka 2016 serikali ilitangaza sheria mpya, na mwaka 2017 Bunge likaipitisha. Sheria ilisema hivi: mikopo yote ya namna hiyo iliyotolewa tangu Aprili 1999, ikiwa bado haijarudishwa tarehe 5 Aprili 2019, itahesabiwa kuwa ni mapato, na itatozwa kodi.

Tufanye hesabu. Tuseme fundi alipewa mkopo wa paundi 2,000 kila mwezi kwa miaka mitano. Jumla ni paundi 120,000. Kwa sheria ile, fedha zote hizo zilihesabiwa kana kwamba amezipata katika mwaka mmoja. Huko Uingereza mwenye mapato makubwa hukatwa zaidi. Sehemu ya chini hukatwa paundi 20 katika kila 100, sehemu ya juu yake 40, na sehemu ya juu kabisa 45. Kwa hiyo kuzirundika fedha za miaka mingi katika mwaka mmoja kuliongeza kodi.

Wafanyakazi wakalalamika kuwa hii ni kodi ya kurudi nyuma. Serikali ikakataa. Ili uelewe ubishi huu, fikiri juu ya mbuzi. Kijiji kinapitisha sheria leo kwamba kila aliyenunua mbuzi tangu miaka 20 iliyopita atoe ushuru. Wewe unasema: "Nilipomnunua hapakuwa na ushuru." Kijiji kinajibu: "Hatukudai kwa kununua zamani. Tunakudai kwa sababu mbuzi yuko zizini mwako leo." Hivyo ndivyo serikali ilivyosema juu ya mikopo: haijarudishwa, basi bado ipo. Lakini wafanyakazi walikuwa wamekwisha kumla mbuzi siku nyingi.

Serikali ilikuwa na hoja nyingine ambayo si ya kupuuzwa. Muuguzi aliyelipa kodi yake yote anafanya kazi pamoja na muuguzi aliyelipa kidogo. Je, hiyo ni haki? Tena mwezi Julai 2017, katika kesi ya klabu ya mpira ya Rangers ya Scotland, mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba fedha za namna hiyo zilikuwa mshahara tangu mwanzo. Lakini katika kesi hiyo aliyedaiwa kodi alikuwa mwajiri, yaani klabu. Wafanyakazi wakauliza: mbona sisi tunadaiwa wenyewe, na mawakala waliotuuzia mpango wamekwenda na ada zao?

Njia ya mahakama ilikuwa ngumu. Mwaka 2008 Bunge lilikuwa limepitisha sheria nyingine ya kodi, juu ya mpango wa Kisiwa cha Man. Hiyo ilisema wazi kwamba inarudi nyuma. Bwana Huitson, mfanyakazi wa mikataba, alikwenda mahakamani. Alishindwa mwaka 2010, akashindwa tena katika rufani mwaka 2011. Mwaka 2015 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya nayo ikakataa dai lake.

Kwa hiyo watu wa mikopo waliwaandikia sana wabunge wao. Mzigo ulikuwa mzito. Serikali imekiri kwamba watu 10 kati ya waliodaiwa walijiua.

Kelele zilisikika. Mwaka 2019 Sir Amyas Morse alipewa kazi ya kuichunguza sheria. Alishauri mikopo ya kabla ya tarehe 9 Desemba 2010 isitozwe, na serikali ikakubali. Waliobaki wakaruhusiwa kuligawa deni katika hesabu za miaka mitatu. Mwaka 2025 Ray McCann alifanya uchunguzi wa pili, na mwezi Novemba mwaka huo serikali ikatangaza masharti mepesi zaidi. Masharti hayo yalitungwa kwa ajili ya wale ambao walikuwa bado hawajamalizana na serikali.