Fromaji ya Masisi: tuinunue kwa akili

Juma hii tunaingia katika alimantasio, maduka yetu ya vyakula hapa Goma. Kati ya sukari, maziwa ya unga na sardini zilizotoka mbali, kuna chakula kilichotoka karibu: fromaji ya Masisi, ya mviringo, ya rangi ya manjano. Mwenye duka anakukatia kipande kulingana na mfuko wako. Wageni wengi wanaorudi Kinshasa wanapenda kubeba moja ya zawadi.

Kazi hii ilifundishwa Masisi na mapadri Wabelgiji, miaka ya 1970. Kule milimani majani ni mengi na ng'ombe wanatoa maziwa, lakini barabara ni mbaya na frigo ni za kuhesabu. Maziwa yakilala bila baridi yanaharibika. Yakigeuzwa fromaji, yanakaa wiki nyingi. Kilo 1 inaomba litre 10 hivi za maziwa. Kipande kidogo unachopeleka nyumbani ni maziwa mengi, na ni jasho la familia nzima.

Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza ng'ombe wengi wa Masisi. Wafugaji wakaanza upya. Mwezi wa kwanza 2025 Sake ikatekwa, kisha Goma; uwanja wa ndege ukafungwa, banki nazo zikafunga milango. Barabara ikikatika, fromaji inapungua mjini, na kule juu mama mwenye maziwa anakosa mnunuzi. Tunaumia pamoja, sisi na yeye.

Basi, mama, kabla ya kulipa:

Uliza kama maziwa yalichemshwa. Maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela na magonjwa mengine, na mengine yanaweza kuharibu mimba. Kama muuzaji hana jibu la wazi, mwenye mimba na watoto wadogo wasiile hivi hivi. Iweke juu ya viazi au makaroni, iive motoni mpaka itokote.

Bonyeza na unuse. Iliyo nzuri ni ngumu kidogo, haina utelezi, na harufu yake haichomi pua.

Nyumbani, ifunge katika kitambaa safi, uiweke mahali pa baridi. Ukungu mdogo ukionekana juu ya fromaji ngumu, kata sentimita 2 na nusu au zaidi kuuzunguka. Ikilainika na kuteleza, itupe.

Usiongeze chumvi kwenye chungu. Fromaji inayo yake ya kutosha.

Kwa vikundi vya likirimba: ulizeni bei ya fromaji nzima, muilinganishe na ya vipande, kisha mgawane kwa mizani. Na kila mara mwulize muuzaji imetoka kijiji gani. Akijua wateja wanataka ya Masisi, ataendelea kuiagiza.