Dainamo ikichoka, betri iingie sabu

Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaisha usiku mnene, na wadau wengi wa vibanda umiza wanarudi nyumbani na baiskeli. Tatizo la dainamo linajulikana: ukikimbiza taa inawaka, ukipanda kilima inafifia, ukisimama inazima, na lori liko nyuma yako.

Dawa ni kuipa benchi. Dainamo nyingi ni za volti 6, wati 3, lakini umeme wake ni mkondo geu, betri haiupokei hivyo hivyo. Fundi afunge daiodi nne kwanza, kisha betri nne ndogo za kuchaji, si za kutupa. Ukiwa kasi zinajaa, ukipunguza zinaingia sabu. Taa iwe ya LED, haili umeme mwingi. Na nyekundu ya nyuma usiisahau, mdau. Timu bila beki haimalizi dakika 90.