Mkono wa Kushoto Usikae Bure

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart wa Stanford Research Institute alikaa mbele ya wataalamu wa kompyuta wapatao elfu moja na kwa dakika 90 akawaonyesha namna mpya ya kuitumia mashine hiyo. Mkono wake wa kulia ulishika kipanya. Yeye na mwenzake Bill English walikuwa wametengeneza cha kwanza miaka michache kabla, kikiwa na ganda la mbao, na siku hiyo ndipo kilipoonekana hadharani. Hilo linasimuliwa kila mahali. Linalosahaulika ni mkono wa kushoto, ambao ulikuwa juu ya kibao chenye vitufe vitano virefu. Ukivibonyeza kimoja kimoja au kadhaa kwa pamoja, vitufe vitano vinatoa mipangilio 31, na hiyo inatosha alfabeti nzima. Engelbart aliandika na kutoa amri kwa kushoto huku wa kulia ukionyesha mahali pa kufanyia kazi.

Kwa maneno mengine, mtu aliyetuletea kipanya hakukusudia kifanye kazi peke yake. Kibao chake hakikuenea, maana kilimtaka mtu akariri mipangilio yote kabla hajaandika hata neno moja. Kipanya kikaenea. Kompyuta ya Macintosh ilipotoka mwaka 1984, kibodi yake haikuwekewa hata vitufe vya mishale, ili watengenezaji wa programu walazimike kumtegemea mtumiaji mwenye kipanya mkononi.

Hata hivyo, wazo la mikono miwili halikufa. Larry Tesler, aliyekuwa Xerox kabla ya kwenda Apple, ndiye anayehusishwa zaidi na kukata, kunakili na kubandika kama tunavyofanya leo. Vitufe alivyovichagua vina maelezo yake: X ni alama ya kufuta, C ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kunakili, V inafanana na alama ya kuchomekea maneno iliyopinduliwa, na Z ya kutengua ikawekwa hapo kwa kuwa ni jirani yao. Itazame kibodi yako: zote nne ziko chini kushoto, karibu na Ctrl. Mkono wa kushoto unazifikia zote bila wa kulia kuachia kipanya.

Sasa mwangalie karani wa steshenari anayechapa barua za maombi ya kazi na kuhamisha anwani kutoka barua moja kwenda nyingine. Anaichagua kwa kipanya, anapandisha kishale hadi juu kwenye menyu, anatafuta neno, anabofya, anashuka, anaweka kishale mahali papya, kisha anapanda tena. Mkono wake wa kushoto umelala mezani. Kinachoniuma si sekunde zinazopotea tu. Kila akipanda kwenye menyu macho yanaacha maandishi, na akirudi inabidi atafute upya alipokuwa. Mwenzake mwenye Ctrl+C na Ctrl+V vidoleni hayaondoi macho kwenye barua.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Bruce Tognazzini, aliyekuwa Apple, aliandika kwamba katika majaribio yao watumiaji walisema kibodi ina kasi zaidi, ilhali saa ilionyesha kipanya ndicho chenye kasi. Muda wa kukumbuka kitufe unapita bila mtu kuuhisi. Nakubali kwa njia ya mkato unayoitumia mara moja kwa mwezi. Hapo menyu inakukumbusha, nawe bofya tu. Kuchora ramani au kukata picha ni kazi ya kipanya bila ubishi. Lakini kitu unachokifanya mara mia kwa siku hakihitaji kukumbukwa tena, vidole vinakijua.

Amri za maandishi ni jambo jingine, na hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Chukua mwalimu wa taaluma mwenye faili la majina 900 ya wanafunzi, kila jina kwenye mstari wake, naye anataka kujua yaliyoandikwa mara mbili. Kwa kipanya atashuka na orodha hadi macho yachoke. Kwenye kompyuta ya Linux au Mac anafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika:

sort majina.txt | uniq -d

Neno la kwanza linapanga majina kwa alfabeti, hivyo yanayofanana yanakaa jirani. La pili linatoa yaliyojirudia. Kile kimstari kilichosimama katikati kinapeleka matokeo ya kwanza moja kwa moja kwa la pili. Kiliingizwa katika mfumo wa Unix mwaka 1973, kwa msukumo wa Doug McIlroy wa Bell Labs, na hadi leo kinafanya kazi ileile. Jibu linatoka papo hapo. Ila ujue kompyuta haikisii: jina lenye nafasi mbili mahali pa moja litahesabiwa kuwa jina jingine.

Tena amri hiyo ni maandishi. Mwalimu anaweza kuitunza hadi muhula ujao, au kuituma kwa WhatsApp kwa mwenzake wa shule nyingine, naye akaitumia ilivyo. Jaribu kumwelekeza mtu kwa simu mahali pa kubofya uone kazi yake.

Hatari ipo, nayo ni kubwa. Amri ya rm kwenye terminali inafuta faili bila kulipitisha kwenye pipa la taka, na rm * inafuta mafaili yote yasiyofichwa ya folda uliyomo, mara nyingi bila kukuuliza kitu. Anayeanza afanyie mazoezi kwenye nakala.

Lakini mtu asiniambie kwamba watu wetu hawawezi amri za kuandika. Muuza nyanya sokoni Tanzania anabonyeza *150*00# na namba zinazofuata za M-Pesa akiwa anazungumza na mteja, kwa kuwa anafanya hivyo kila siku.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa kompyuta, wa vyuo na wa vituo vidogo vya mitaani. Wiki ileile mnayomfundisha mwanafunzi kushika kipanya, mpeni na kazi ya mkono wa kushoto: Ctrl+Z, X, C na V, kisha Ctrl+S ya kuhifadhi na Ctrl+F ya kutafuta. Kabla hajamaliza kozi, mfungulieni terminali walau mara moja, mumpe faili la majina, aandike amri ile mwenyewe.